Akiba ya mshale tusiifuje

Siku hizi si ajabu kumwona dereva ameibandika simu kando ya usukani, akilinganisha mshale wa spidomita na tarakimu zinazoletwa na setilaiti. Mshale unasema 80, simu inasema 75. Hapo huzuka ubishi, na aghalabu ubishi huo huishia kwa hukumu moja: spidomita ni mwongo, simu ndiyo msema kweli, na kwa hivyo dereva ana haki ya kukanyaga mafuta mpaka simu nayo iseme 80.

Sehemu ya kwanza ya hukumu hiyo ina ukweli ndani yake. Sehemu ya pili ni hatari kwa maisha ya watu. Tungependa walimu na wanafunzi waitafakari kwa makini, kwani wao ndio wenye elimu ya kutenganisha mambo haya mawili, na pia ndio wengi miongoni mwa wale wanaotembea kando ya barabara zetu asubuhi na jioni.

Tunauchukua mji wa Maua kuwa mfano, kwa sababu ni miji michache nchini Kenya inayoishi kwa kukimbizana na saa kama mji huo. Maua ni kitovu cha biashara ya miraa katika nchi ya Igembe, kwenye milima ya Nyambene, na miraa haingoji mtu. Nguvu yake huanza kupungua tangu inapochumwa, na baada ya siku mbili hivi huwa imepoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Ndiyo maana hufungwa kwa majani ya mgomba isikauke, ikapakiwa kwenye pikapu na kukimbizwa hadi Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 250, ili iwahi wanunuzi wa mjini na ndege za kwenda Somalia. Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka 2014, na Somalia iliposimamisha biashara hiyo mwaka 2020 kabla ya kuifungua tena mwaka 2022, wakulima na wachuuzi walionja uchungu wa shehena isiyo na mnunuzi. Aliyeuonja uchungu huo huihesabu kila dakika ya barabarani kuwa ni pesa.

Nayo barabara yenyewe si ya kufanyiwa mzaha. Kutoka Maua hufika Meru, ikavuka mstari wa Ikweta kabla ya kuyapita mabonde ya mito inayoteremka kutoka Mlima Kenya, ikipanda na kushuka hadi Chuka, Runyenjes na Embu. Katika daraja la Nithi, tarehe 24 Julai 2022, basi lililokuwa likitoka Meru lilitumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakafa. Hatudai kwamba spidomita ndiyo iliyoleta msiba huo. Tunaloliambia taifa ni kwamba katika barabara ya namna hiyo, yenye miteremko mirefu na kona za ghafla, tofauti ya kilomita 10 kwa saa si jambo la kubishania kwa dhihaka.

Watu wa Nyambene, kwa hakika, wanajua kuliko wengi wetu kwamba jina la kipimo na kipimo chenyewe ni vitu viwili. Katika biashara ya miraa, "kilo" si gramu 1,000 za mizani bali ni fungu la vitita vilivyofungwa pamoja. Muuzaji na mnunuzi wote wanalielewa hilo, na hakuna anayedhulumiwa. Tatizo huja pale mmoja anapolichukua neno kwa maana moja na mwenzake kwa maana nyingine. Ndivyo ilivyo kwa tarakimu 80 iliyoandikwa kwenye uso wa spidomita. Je, ina maana gani hasa?

Spidomita haiuoni mwendo wa gari juu ya ardhi. Inachokiona ni kuzunguka kwa magurudumu. Ile ya kale, ya aina ambayo mhandisi Mjerumani Otto Schulze aliipatia hataza mwaka 1902, ilizungushwa na waya uliotoka kwenye giaboksi. Sumaku ilizunguka karibu na kikombe cha madini, ikakivuta, na kikombe kikausogeza mshale kwa kushindana na springi. Katika magari ya sasa kuna kifaa kinachotuma mipigo ya umeme kila gurudumu au giaboksi inapozunguka. Kwa vyovyote vile, chombo huhesabu mizunguko, kisha huizidisha kwa mzingo wa tairi ambao kiwanda kiliukadiria. Iwapo tairi lililofungwa si la mzingo huo, jibu haliwezi kuwa sahihi.

Mwanafunzi yeyote wa shule ya upili anaweza kuihakiki hesabu hii. Tairi lililoandikwa 195/65R15 lina kipenyo cha milimita 634 hivi, na mzingo wake ni karibu mita 2. Likiisha kwa milimita 6 za mpira, kipenyo hupungua kwa milimita 12, yaani karibu asilimia 2. Tairi huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, na mshale hudai 80 wakati gari linakwenda 78 na nusu. Kinyume chake, mwenye gari akilitoa tairi hilo na kuweka la 205/70R15 ili gari liinuke na kubeba mzigo vizuri zaidi, mzingo huongezeka kwa zaidi ya asilimia 5. Sasa mshale ukisema 80, gari linakwenda 84. Hakuna taa itakayowaka kumwonya dereva.

Watengenezaji wa magari na watunga kanuni wanayajua haya tangu zamani. Kwa sababu hiyo Kanuni ya 39 ya Umoja wa Mataifa, ambayo viwanda vingi vikubwa duniani huifuata, imeweka sharti la upande mmoja. Spidomita hairuhusiwi kamwe kuonyesha mwendo mdogo kuliko ule wa kweli. Inaruhusiwa kuonyesha mwendo mkubwa zaidi, lakini kwa kiasi: ziada isipite sehemu ya kumi ya mwendo wa kweli pamoja na kilomita 4. Gari linalokwenda 80 kwa kweli linaweza kuonyesha hadi 92 na bado likawa ndani ya kanuni. Linalokwenda 50 linaweza kuonyesha hadi 59. Viwanda, vikiogopa kuangukia upande uliokatazwa, huuelekeza mshale juu kidogo kwa makusudi. Hiyo ndiyo siri ya ile tofauti ya 80 na 75. Mshale umewekewa akiba.

Ama kuhusu setilaiti, mfumo wa Marekani uitwao GPS una zaidi ya setilaiti 24 zinazoizunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi. Warusi, nchi za Ulaya na Wachina nao wana mifumo yao, na simu nyingi za sasa husikiliza zaidi ya mmoja. Kipokezi hupima mawimbi yanayotoka kwa setilaiti kadhaa kwa pamoja. Kutokana na muda wa mawimbi hayo kusafiri hujua mahali kilipo, na kutokana na namna mawimbi yanavyobadilika kwa sababu ya mwendo, hujua kasi. Hakiulizi tairi ni la ukubwa gani, wala limelika kiasi gani. Hadi mwezi Mei mwaka 2000 serikali ya Marekani iliyavuruga kwa makusudi mawimbi yaliyotumiwa na raia, lakini Rais Bill Clinton aliamuru uvurugaji huo ukomeshwe. Leo, gari likienda kwa mwendo usiobadilika katika barabara iliyonyooka chini ya anga lililo wazi, kipokezi kizuri hukosea kwa chini ya kilomita 1 kwa saa.

Lakini msomaji azingatie masharti tuliyoyataja: mwendo usiobadilika, barabara iliyonyooka, anga lililo wazi. Barabara za Nyambene hazitimizi sharti hata moja kwa muda mrefu. Simu kwa kawaida hubadilisha tarakimu zake mara moja kwa sekunde, nazo programu nyingi huzisawazisha zisirukeruke, hivyo zikachelewa zaidi. Gari linalokwenda 80 hukata mita 22 kwa kila sekunde. Dereva anayeteremka huku kasi ikiongezeka husomewa na simu mwendo aliokuwa nao nyuma, si alio nao sasa. Miti iliyofunga juu ya barabara na kuta za milima nazo huyakata mawimbi au kuyarudisha kwa njia ya kuzunguka. Kwa hivyo setilaiti ni hakimu mzuri wa spidomita kwenye uwanda, si mwenzi wa kutegemewa kwenye kona.

Tumekwisha kuona basi kwamba katika gari lenye matairi ya kiwanda, simu ina haki ya kusema mshale unazidisha. Je, dereva afanye nini na ukweli huo? Wapo wanaosema: sheria imeniruhusu 80, mshale umeninyima 5, nami nazidai. Hoja hii inasikika kama ya mtu aliyepunjwa dukani. Ni hoja potovu, kwa kuwa sheria haikumpa dereva 80 kama deni analopaswa kulipwa. Ilimwekea 80 kuwa dari. Hakuna askari atakayemshtaki kwa kwenda 75, na hakuna mtoto aliyewahi kugongwa na kilomita 5 ambazo hazikutumiwa.

Tuzitie kilomita hizo kwenye mizani. Tuseme magari mawili yanakwenda sambamba, moja 80 na jingine 90. Mtoto wa shule anakatiza mbele yao. Kila dereva anahitaji sekunde moja na nusu kutambua na kukanyaga breki, na breki zote ni nzima na lami ni kavu. Gari la kwanza litasimama baada ya mita 69 hivi. Katika mita hiyohiyo ambapo la kwanza limesimama, la pili bado lina mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa. Yaani kilomita 10 za ziada hazikuishia kuwa kilomita 10 mahali pa ajali. Zimegeuka kuwa 50. Sababu yake hufundishwa darasani: nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi. Ikiwa barabara ina maji, au pikapu imesheheni magunia mpaka juu ya kibanda, hali huwa mbaya zaidi.

Na faida inayopatikana ni ipi? Katika kilomita 240, mwenye kwenda 80 hutumia saa 3. Mwenye kwenda 90 hutumia saa 2 na dakika 40. Dakika 20 hizo ni kwa barabara tupu isiyo na kona, mji wala kizuizi cha polisi, barabara ambayo haipo baina ya Maua na Nairobi. Kwa hakika faida ni ndogo zaidi. Hatuwabezi wachuuzi wa miraa, ambao jasho lao ndilo linalosomesha watoto wengi wa Igembe na Tigania. Tunawaambia tu kwamba dakika 20 zinaweza kupatikana kwa kuwahi kuchuma na kupakia, bila kuziiba barabarani.

Hadi hapa tumezungumzia mshale unaozidisha. Hatari kubwa zaidi iko kwa ule unaopunguza, na huo hauzungumzwi. Gari lililobadilishiwa matairi au giaboksi laweza kumdanganya dereva mwaminifu kabisa. Yeye huona 85 na kudhani amezidisha kilomita 5, kumbe amezidisha 9. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 ziliweka onyo kwa aliyezidisha kilomita 1 hadi 5, faini ya shilingi 500 kwa 6 hadi 10, shilingi 3,000 kwa 11 hadi 15, na shilingi 10,000 kwa 16 hadi 20. Sheria inayopanda kwa vidato vya kilomita 5 inamdai raia usahihi ambao hakuna aliyemsaidia kuupata.

Fauka ya hayo, kuna vidhibiti mwendo. Wakenya hawajasahau kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, na kuyalazimisha matatu kuwa na mikanda na vidhibiti visivyoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Tangu wakati huo vidhibiti vimebadilika, na sasa vipo vya kidijitali vinavyoweka kumbukumbu ya mwendo. Hata hivyo, kidhibiti kinachopokea mipigo kutoka kwenye gurudumu hurithi ugonjwa wote wa spidomita. Kikiambiwa kwamba tairi ni dogo kuliko lilivyo, kitaliachia gari mwendo uliopita 80 huku kumbukumbu zake zikiandika 80 kwa unyoofu wote. Mtu mwenye nia mbaya hana haja ya kukata waya. Inatosha kuingiza hesabu ya uongo. Hapa ndipo setilaiti ingefaa zaidi, kwani haidanganyiki kwa tairi.

Tunashangaa kuona kwamba Sheria ya Vipimo na Mizani inataka mizani ya mwenye duka sokoni Maua ikaguliwe na kupigwa muhuri ili mama asipunjwe gramu 50 za sukari, ilhali kipimo kinachoamua uhai wa abiria hakipewi uzito kama huo. Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, haina budi kulitazama jambo hili. Kila gari la abiria na la mizigo linapopelekwa kukaguliwa, mkaguzi asome ukubwa wa matairi na kuulinganisha na ule wa kiwanda. Aliendeshe katika barabara iliyonyooka akiwa na kipokezi cha setilaiti kilichothibitishwa, katika mwendo wa 50 na wa 80, na tofauti iandikwe kwenye cheti. Kazi hiyo huchukua dakika chache. Naye fundi anayefunga tairi kubwa kuliko la kiwanda awajibike kumweleza mwenye gari kwamba mshale wake sasa ni mwongo wa upande mbaya.

Kwa shule zetu, pale barabara ya lami inapopita karibu, somo hili halihitaji maabara. Abiria, si dereva, anaweza kulifanya kwa saa ya mkononi mahali penye nguzo za kilomita. Agawe 3,600 kwa idadi ya sekunde zilizotumika kwa kilomita moja, naye atapata mwendo. Sekunde 60 ni kilomita 60 kwa saa, sekunde 45 ni 80, sekunde 40 ni 90, na sekunde 36 ni 100. Mshale ukisimama kwenye 80 na kilomita 5 zikachukua sekunde 240, gari linakwenda 75. Mwalimu aulize kwa nini kilomita 5 ni bora kuliko 1, na mwanafunzi agundue kwamba kosa la sekunde moja la kubonyeza saa ni asilimia 2 katika kilomita moja, lakini halifiki nusu ya asilimia katika kilomita 5. Huko ndiko kujifunza kwamba kila kipimo kina kosa lake, na kwamba mwenye elimu hauulizi mshale na simu nani mkweli, bali huuliza kila kimoja kinakosea kwa kiasi gani, upande gani na kwa sababu gani.

Tuitakayo si elimu ya kuwashinda madereva kwa maneno. Kuanzia mwaka 2021 hadi 2024, barabara za Kenya ziliua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka. Abiria mwenye saa na hesabu, anayejua kwamba kilomita iliyopita imekatwa kwa sekunde 33, ana neno la kumwambia dereva ambalo haliwezi kupuuzwa kama woga wa mtu asiyezoea safari. Na darasa zima likijua hivyo, litakuwa na abiria wengi wa namna hiyo kwenye kila matatu inayotoka Maua.

Kwa madereva, shauri letu ni fupi. Pimeni spidomita zenu kwa setilaiti, tena zaidi ya mara moja, mahali panapofaa, gari likiwa na matairi na mzigo wake wa kawaida. Mkiona mshale unapunguza, lirudisheni gari kwa fundi kabla ya safari nyingine. Mkiona unazidisha, shukuruni na muuache ulivyo. Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Kilomita chache ambazo kiwanda kimeziweka baina ya mshale na ukweli ni akiba ya siku ambayo breki zitachelewa, lami itakuwa na maji, na mtoto atakatiza barabara bila kutazama. Siku hiyo haitangazwi, na anayeitumia akiba leo hatakuwa na pa kuikopa.